Gia ya Mkono na Gia Otomatiki: Historia ya Magari ya Porini Katika Njia Panda ya Usagara



Historia tuliyofundishwa shuleni ilikuwa zaidi ya wafalme, mikataba na vita. Historia ya vyombo hatukuisoma sana. Hata hivyo, mara nyingi vyombo ndivyo vilivyoamua ni pamba ya nani itafika kiwandani kabla ya mvua, na ni mgonjwa wa kijiji gani atafika hospitali kabla ya usiku. Makala haya yanaeleza habari za chombo kimoja kilichofichika chini ya gari, nacho ni giaboksi, kwa kukitazama kutoka Usagara.

Usagara ninayoisema si ile ya Kilosa, ambayo wanafunzi huikuta katika habari za Carl Peters na mikataba yake ya 1884. Ni Usagara yetu ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Barabara ya kutoka Shinyanga hufika hapo. Ile ya Kigongo, Busisi, Sengerema na Geita huanzia hapo, na nyingine huchepuka kwenda Kisesa kuikuta barabara ya Musoma. Basi mtu akitaka kujua ni magari gani yameitumikia Kanda ya Ziwa, njia panda hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Swali letu ni hili. Magari mengi ya porini, yaani yale yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne na ambayo watu huyaita magari ya fowili, yalikuja kwetu kutoka Japani yakiwa na gia otomatiki. Mafundi wa Afrika Mashariki wameyafungua mengi kati ya hayo, wakatoa otomatiki na kutia gia ya mkono. Kwa nini? Wako wasemao kuwa huo ni ushamba, na wako wausifuo kuwa ni ujuzi mkubwa. Jibu haliwezi kupatikana bila kurudi nyuma kidogo.

ASILI YA GIA

Injini ya petroli au ya dizeli ina udhaifu mmoja mkubwa. Haiwezi kutoa nguvu ya kutosha ikiwa inazunguka polepole mno, wala haiwezi kuzunguka kasi kupita kiasi bila kuharibika. Gari, kwa upande wake, hutakiwa kuanza safari likiwa limesimama, kupanda mlima likiwa na mzigo, na kukimbia penye tambarare. Kazi ya gia ni kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Katika miaka ya 1890 Mfaransa Émile Levassor, wa kampuni ya Panhard et Levassor, alitengeneza mpango wa gia za meno zilizosogezwa kwa mkono ili ziumane moja baada ya nyingine. Mpango huo ulifanya kazi, lakini kwa kelele na kwa kuvunja meno mara kwa mara. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta sinkromeshi, yaani mpango wa kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Yafaa tukumbuke kwamba 1928 ndio mwaka ambao reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Wakati wenzetu wanatafuta namna ya kulainisha gia, sisi tulikuwa ndiyo kwanza tunaipokea garimoshi.

Gia otomatiki ilianzia majini. Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya chombo kilichopeleka nguvu kwa njia ya mafuta badala ya meno ya chuma, naye alikuwa akifikiria meli. Chombo hicho ndicho mzazi wa kile ambacho mafundi leo hukiita konveta. Ni duara la chuma lililojaa mafuta, lenye vipanga ndani. Injini huzungusha upande mmoja, mafuta husukumwa na kuzungusha upande wa pili. Kwa hiyo gari linaweza kusimama likiwa kwenye gia, na injini isizimike.

Kampuni ya General Motors iliyaunganisha mafuta hayo na gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka nyingine kama sayari zinavyolizunguka jua. Magari ya Oldsmobile ya 1940 yaliuzwa yakiwa na otomatiki hiyo iliyoitwa Hydra-Matic. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, iliwekwa pia katika vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani. Hili ni jambo la kukumbuka. Wako wengi kwetu wanaodhani otomatiki ilibuniwa kwa ajili ya wazee wa mjini waliochoka kukanyaga klachi. Kumbe ilikwisha kupita katika matope na risasi kabla haijafika mitaa ya Mwanza.

LAND ROVER NA MBUGA ZA USUKUMA

Gari la porini lililotufundisha sisi kuendesha na kutengeneza lilikuwa Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu, kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Lilikuwa na gia 4 za kwenda mbele, na nyuma ya giaboksi kulikuwa na boksi la pili, ambalo mafundi huliita transfa, lenye mwendo mwepesi wa barabarani na mwendo mzito wa porini.

Katika magari hayo ya mwanzo, gia namba 3 na 4 tu ndizo zilizokuwa na sinkromeshi. Kurudi namba 2 au namba 1 gari likiwa linatembea kulitaka dereva akanyage klachi, aweke gia huru, aachie klachi, aongeze mafuta kidogo, akanyage tena, ndipo aingize gia. Asiyejua alisikika kijiji kizima. Gia zote 4 za mbele zilipata sinkromeshi katika Series III ya 1971 tu. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 dereva wa Land Rover alikuwa hana budi kuwa na sikio la kuisikiliza injini, na kutoka katika sikio hilo wengine wakawa mafundi.

Ardhi yetu ilihitaji ujuzi huo. Wasukuma wana majina yao ya udongo. Luseni ni udongo wa kichanga, na mbuga ni ule udongo mweusi wa mabondeni unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Gari linalotoka katika luseni likaingia mbuga wakati wa mvua linahitaji gia nzito, mwendo wa polepole, na dereva asiyekuwa na papara.

Huo ndio ulikuwa ulimwengu wa pamba. Muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliundwa 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na pamba ya Usukuma ikawa mali kubwa ya nchi. Malori yaliyoibeba yalikuwa ya gia ya mkono. Fundi mmoja aliyekuwa na seti ya spana, nyundo, jeki na magogo ya kushikilia aliweza kuishusha giaboksi chini ya mti, akabadilisha bearingi, akairudisha.

Wakoloni wenyewe walikwisha kupata somo kuhusu mashine zisizo na karakana. Mpango mkubwa wa karanga, ulioanza 1947 Kongwa na baadaye kupelekwa Urambo na Nachingwea, uliachwa 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika haraka katika ardhi ngumu, na karakana hazikuweza kuyahudumia. Mashine isiyoweza kutengenezwa mahali inapofanyia kazi ni deni, hata kama ilikuja bure.

MIAKA YA DHIKI

Sisi tuliosoma katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa maana ya neno vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari mwaka huo, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Njia ya halali ya kupata vipuri kutoka Kisumu na Nairobi ikakatika. Kisha Idi Amin akaivamia Kagera mwishoni mwa 1978. Magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kusaidia vita, na mengine hayakurudi yakiwa mazima. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, lakini mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda vibaya, na fedha za kigeni zikawa adimu.

Katika hali hiyo Mwanza ilijifunza kuishi kwa kuunga. Gari moja lilivunjwa ili mawili yatembee. Meno ya gia yaliyovunjika yalijazwa kwa kuchomelea na kusagwa upya. Shirika la SIDO, lililoundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lilihimiza watu watengeneze wenyewe walichoweza, na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikwisha kutuambia kwamba mkono na kichwa visitengane.

Gia ya mkono iliwezekana kuungwa kwa namna hiyo kwa sababu ni chombo cha wazi. Ukiifungua unaona kilichovunjika. Jino limekatika, bearingi imelegea, pete imelika. Hata asiyejua kusoma anaweza kuelewa kisa chake kwa kuitazama. Ndiyo sababu kizazi kizima cha mafundi wa Kanda ya Ziwa kiliijua giaboksi ya mkono kama mkulima anavyolijua jembe lake. Otomatiki hawakuijua, kwa kuwa haikuwapo. Range Rover yenyewe, iliyoanza kuuzwa 1970, ilikuwa ya gia ya mkono tu, na haikupewa otomatiki kiwandani hadi 1982.

MAGARI YA JAPANI YANAFIKA

Bajeti ya 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Tangu 1986, serikali ya Rais Mwinyi ililegeza masharti zaidi. Polepole magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na kuanzia miaka ya 1990 yakawa mengi. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani ulikuwa tayari upande wetu. Ukaguzi wa magari huko ni wa gharama, na wenye magari wengi huona ni afadhali kuuza.

Kwa magari ya porini kulikuwa na sababu nyingine. Mwaka 2001 Japani ilikaza sheria yake ya moshi wa magari katika maeneo ya miji mikubwa. Magari mengi ya dizeli ya zamani hayakuweza tena kuandikishwa huko hata kama yalikuwa mazima. Land Cruiser, Prado na Hilux Surf za dizeli zikatafuta kwao kwingine, na kwao kwingine kukawa pamoja na sisi.

Magari hayo yalikuwa yameagizwa na Wajapani kwa matumizi ya Wajapani, watu wa lami na foleni, na sehemu kubwa yalikuwa otomatiki. Toyota ilikuwa imeweka otomatiki ya gia 4 katika Land Cruiser ya mfululizo wa 60 katikati ya miaka ya 1980, ikaendelea nayo katika mfululizo wa 80. Tofauti yake na yale yaliyoletwa na migodi na mashirika ya misaada ilionekana mara moja. Wakimbizi wapatao 250,000 wa Rwanda walipovuka mpaka kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 mwishoni mwa Aprili 1994, magari yaliyowahudumia yalikuwa zaidi ya aina ile ya mfululizo wa 70 yenye gia ya mkono. Gari hilo wananchi wameliita Mkonga, kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda juu kama mkonga wa tembo.

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Otomatiki zilipendwa mwanzoni. Baadaye zikaanza kufa, na njia zilizoziua zilikuwa chache na zile zile.

Kwanza ni joto. Otomatiki hufanya kazi kwa mafuta, na mafuta hayo hupozwa ndani ya rejeta. Gari likipakiwa kupita kiasi, likavuta katika matope kwa saa nzima, mafuta huungua. Pili ni rejeta yenyewe. Bomba la kupozea likioza ndani, maji na mafuta huchanganyika, na kinachotoka kwenye giaboksi hufanana na chai ya maziwa. Maji hayo hubandua gundi ya sahani za klachi zilizo ndani, na gia hufa hata kama gari halikubeba kitu. Tatu ni mafuta yasiyo yake, yaliyowekwa kwa kuwa yalikuwa karibu na bei yake ilikuwa nafuu. Nne ni kuvutwa kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Pampu ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa hakuna mafuta yanayopita, na gari likivutwa safari ndefu bila kuiweka transfa huru au kufungua propela, giaboksi husagika ikiwa kavu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya pampu, gari la otomatiki betri yake ikiisha haliwezi kuwashwa kwa kulisukuma. Lenye gia ya mkono vijana wanne wakilisukuma linawaka. Kwa mtu aliye ndani ya Sengerema saa mbili usiku akiwa na mama mjamzito, hoja hiyo moja inatosha.

KAZI YENYEWE

Basi otomatiki ikifa, mwenye gari huwa na njia tatu. Anaweza kuitengeneza, anaweza kutafuta nyingine iliyotumika, au anaweza kugeuza gari liwe la gia ya mkono. Njia ya tatu imewezekana kwa sababu Toyota ilitengeneza injini hizo hizo kwa gia za aina zote mbili, na kwa sababu vipuri vilivyotumika huletwa kutoka Japani na Dubai.

Anayedhani kazi hii ni kutoa boksi moja na kutia jingine hajaijua. Otomatiki haina flaiwili nzito. Ina bamba jembamba la chuma linaloshika konveta. Bamba hilo hutolewa, na flaiwili ikawekwa pamoja na boliti zake, ambazo kwa kawaida ni ndefu kuliko zile za bamba. Anayerudisha boliti fupi anaweka kifo chini ya miguu ya dereva. Kisha katika kitako cha krenkshafti huingizwa bearingi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi asiye makini huisahau, na giaboksi mpya huanza kulia baada ya muda mfupi.

Sahani ya klachi huwekwa katikati barabara kwa shafti ya zamani au kwa mti uliochongwa, ndipo giaboksi ipandishwe. Isiachwe ining'inie juu ya sahani, maana itaipinda. Baada ya hapo ni kanyagio cha klachi, pampu yake ya juu na ya chini, na bomba la mafuta linalopita katika ukuta wa injini, ambao katika Toyota nyingi umekwisha kuandaliwa alama ya kutobolea. Kanyagio kipana cha breki cha otomatiki hubadilishwa na chembamba ili miguu isigongane. Propela za mbele na nyuma hupimwa, kwa sababu giaboksi mbili hazina urefu mmoja. Uwiano wa difu huangaliwa pia, kwani gari lililotoka kiwandani na otomatiki huenda halina difu sawa na lile la gia ya mkono.

Sehemu inayowashinda wengi ni nyaya. Gari la otomatiki halikubali kupiga stata isipokuwa liko katika P au N. Fundi wa haraka huunganisha waya mbili, na stata ikapiga. Lakini gari hilo sasa laweza kuwashwa likiwa kwenye gia, likamruka mtu aliyesimama mbele yake. Fundi mwema huweka swichi ya klachi ili stata isipige mpaka klachi ikanyagwe. Huunganisha upya taa za nyuma na kipimo cha mwendo. Na kama injini ni ya kompyuta, hutafuta kompyuta ya gari la gia ya mkono, ili ile ya zamani isiendelee kuitafuta gia ambayo haipo tena.

Liko pia jambo la kuegesha. Otomatiki ina kufuli ndani ya P. Gia ya mkono haina. Gari likishageuzwa, breki ya mkono haiwezi tena kuwa pambo. Kwa miongo mingi magari yetu yaliteremka kwenye miteremko ya kivuko cha Kigongo na Busisi, yakasimama yakingoja zamu. Tangu Juni 2025 daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limetuondolea kungoja huko. Lakini vilima vya mawe vya Mwanza havikuondoka, na gari lisilo na breki ya mkono halibagui nyumba ya kuangukia. Ni wajibu pia wa mwenye gari kuwaarifu wakaguzi na bima kuhusu mageuzi hayo.

NI UJUZI AU NI KUUKIMBIA UJUZI?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Fundi anayeifanya kazi niliyoieleza kwa ukamilifu ni mtu mjuzi, na anastahili heshima. Amechukua gari lililotengenezwa kwa ajili ya Osaka akalifanya liitumikie Kwimba. Amefanya hivyo kwa kutumia urithi wa mafundi wa miaka ya dhiki, ambao hawakuwa na vitabu wala fedha. Mtu asiwacheke.

Lakini mgala muue na haki yake mpe. Otomatiki si chombo kibovu. Katika matope husukuma gari polepole bila kukata nguvu, haichomi klachi, na dereva asiyekuwa hodari hupita mahali ambapo angekwama. Nyingi zilizogeuzwa kwetu hazikuwa zimekufa. Toyota za otomatiki zenye kompyuta zina taa iliyoandikwa O/D OFF, ambayo humweka wazi mgonjwa kwa kuwaka na kuzima kwa hesabu maalumu, ukiunganisha vituo viwili katika kisanduku cha uchunguzi. Mara nyingine kilichoharibika ni kihisio kidogo cha mwendo. Fundi asiyeisoma taa hiyo hushusha giaboksi nzima, na mwenye gari hulipa gharama kubwa kwa kosa la kipuri kidogo.

Kwa hiyo kazi ile ile yaweza kuwa mambo mawili tofauti. Ikifanywa baada ya kupima kiwango na harufu ya mafuta, kuisoma taa, kuikagua rejeta na kulinganisha gharama, ni uamuzi. Ikifanywa kwa kuwa fundi hakutaka kukifungua asichokijua, ni kukimbia. Zamani tulikuwa na udhuru. Otomatiki zilikuja bila vitabu, au na vitabu vya Kijapani, na hakukuwa na mtu wa kutufundisha. Leo vitabu hivyo hupatikana hata kwa simu, na mafunzo ya ufundi yamekuwa chini ya VETA tangu sheria ya 1994.

Zaidi ya hayo, mlango wa kukimbilia unafungwa. Land Cruiser ya mfululizo wa 300, iliyotoka 2021, imekuja na otomatiki ya gia 10. Na ule mfululizo wa 70, yaani ndugu yake Mkonga, uliporudishwa sokoni Japani Novemba 2023, ulirudi huko ukiwa otomatiki. Magari hayo yatakapozeeka yatakuja kwetu, kama yalivyokuja yaliyotangulia. Giaboksi ya mkono ya kuwekea itatafutwa na haitapatikana. Nyuma yake yanakuja magari ya umeme, ambayo mengi hayana gia za kubadilisha hata kidogo.

Vijana wetu, hasa ninyi mnaopenda fizikia na ufundi, somo la wazee wenu wa Mwanza msilichukue nusu. Nusu ya kwanza ni kwamba waliunga na kugeuza. Hiyo ni ya kujivunia. Nusu ya pili ni kwamba waliweza kufanya hivyo kwa sababu giaboksi ya mkono waliifungua, wakaitazama, wakaijua mpaka ndani. Hawakuiogopa. Otomatiki nayo ni chuma, mafuta na waya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mkiikuta imekufa katika karakana yoyote ya Usagara, ombeni ruhusa ya mwenyewe, muifungue juu ya meza safi, mpange kila kipande kwa mfuatano wake, na mtafute kilichoiua. Baada ya hapo, mkiamua kutia gia ya mkono, mtakuwa mmeamua mkiwa mnajua.